Bunduki Iko Wapi?

Kisa hiki nimekifuma mwenyewe, kama bibi zetu wa Ugogo walivyofuma ngano za kufundishia watoto jioni, moto ukiwa katikati. Usimtafute mtu wake wala kijiji chake. Lakini sheria iliyomo ndani yake sikuifuma mimi. Ipo, inafanya kazi, na haimngoji mtu mpaka apate habari zake.

Upande wa magharibi wa Bahi, kule ambako mvua ikikubali mbuga hugeuka ziwa na ikikataa hubaki vumbi jeupe, aliishi mzee mmoja aliyekuwa na bunduki. Ilikuwa shotgun ya kizamani, kitako chake kimelainika kwa jasho la viganja, na leseni yake ilikuwa halali. Fisi walipolizunguka zizi usiku, au nguruwe pori walipoingia shamba la uwele, majirani walimwendea yeye. Alifyatua risasi moja hewani, mara chache sana mbili, kwa sababu risasi ni ghali na kutoka kijijini hadi duka la silaha ni safari ya siku nzima. Kila aliporudi na pakiti mpya alizihesabu mbele ya mkewe, moja moja, kama mtu anayehesabu mbegu.

Mzee akafariki. Kabla matanga hayajaanuliwa, mwanawe mkubwa alifanya jambo ambalo wengi hulikwepa. Alimwita mtendaji wa kijiji na polisi kata, akawaonyesha bunduki ilipo, akawakabidhi pamoja na kitabu cha leseni. Akaandikiwa hati ya makabidhiano, ikagongwa muhuri. Polisi kata akauliza, "Na risasi?" Mwana akamtazama mama yake. Mama akasema, "Marehemu ndiye aliyezitunza. Mimi sijui alipoziweka." Ikaandikwa kwenye hati: *risasi, hakuna*. Mwana akaikunja karatasi ile, akaiweka ndani ya Biblia ya baba yake.

Wiki tatu baadaye, bibi alikuwa akifagia chini ya kilindo cha uwele mkono wake ulipogusa kopo la majani ya chai. Alilitikisa, akaijua sauti. Ndani mlikuwa na risasi saba. Alikaa chini, kopo mapajani, kwa muda mrefu. Alikuwa mjane wa wiki chache, na kopo lile lilikuwa bado na harufu ya ugoro wa mumewe. Akalirudisha lilipokuwa. Hakumwambia mtu.

Naye mjukuu, fundi umeme aliyekuja kutoka Dar es Salaam kuzika, alipewa koti la babu, lile zito la kuvaa wakati wa baridi ya Juni. Usiku wa mwisho wa matanga alitia mkono katika mfuko wa ndani, akatoa risasi mbili nyekundu, vitako vyake vya shaba vimefifia. Akamwonyesha binamu yake, aliyekuwa amepitia mafunzo ya mgambo.

"Binamu," yule akamwambia, "hizo mwambie mtendaji kesho asubuhi, kabla hujapanda basi."

"Za nini? Bunduki si imeshachukuliwa? Risasi bila bunduki ni nini? Plastiki na shaba."

"Wewe unajua ni plastiki na shaba. Atakayekukuta nazo hajui."

"Ni kumbukumbu ya babu."

"Basi babu ana picha ukutani. Chukua ile."

Mjukuu alicheka, akazirudisha mfukoni.

Mwaka mzima haukutokea neno. Koti lilining'inia nyuma ya mlango wa chumba chake cha kupanga, na risasi zikawa kama hazipo. Nadhani hapa ndipo ulipo mtego wenyewe. Mtu akifanya kosa lisimuume siku ya kwanza, siku ya pili hulisahau, na siku ya tatu huliita haki yake.

Familia ilipokutana tena kwa kumbukumbu ya mwaka mmoja, mjukuu alikuja na koti lile kwa basi. Wakati wa kurudi, kwa kuwa treni ya mwendokasi kati ya Dodoma na Dar es Salaam ilikuwa imeanza safari mwaka 2024 na kila mtu akiisifu, akakata tiketi. Stesheni ya Dodoma mizigo hupitishwa kwenye mashine ya ukaguzi kama uwanja wa ndege. Begi likapita. Koti likapita. Mkanda wa mashine ukasimama, ukarudi nyuma, ukasimama tena.

"Koti hili la nani?"

"Langu, dada. La marehemu babu."

"Kaa pembeni kidogo, kaka."

Dakika kumi baadaye alikuwa mbele ya askari wawili, risasi mbili zikiwa juu ya meza, na swali aliloulizwa halikuwa lile alilolitarajia. Alidhani ataulizwa, "Umezitoa wapi?" Akaulizwa, "Bunduki iko wapi?"

Akaeleza. Akaandikiwa hati ya ukamataji, akasaini, shahidi akasaini. Mpelelezi akaja, akamuuliza upya: "Bunduki iko wapi?" Akaeleza tena, safari hii koo likiwa limekauka. Treni ikaondoka bila yeye. Jioni ile gari la polisi likaenda Bahi kulitafuta jibu.

Nyumba ya bibi ilipekuliwa mtendaji akiwa shahidi. Walipinua magodoro, wakachungulia darini, wakasogeza kilindo. Kopo la chai likatoka na risasi saba. Yule mwana mkubwa wa marehemu akakimbilia Biblia, akaitoa hati yake kwa furaha ya mtu aliyeweka akiba, maana karatasi ile ilithibitisha kwamba bunduki ilikabidhiwa. Mpelelezi akaisoma taratibu mpaka mstari wa mwisho, kisha akamgeuzia aone mwenyewe: *risasi, hakuna*. Na kopo liko pale mezani. Karatasi iliyotunzwa ili imtetee ikawa ndiyo inayomuuliza.

Sitasimulia hukumu. Mimi si hakimu, na katika mambo haya kila shauri lina ushahidi wake. Nitasema tu yaliyotangulia hukumu. Kijana alifikishwa mahakamani, akasomewa shtaka la kupatikana na risasi isivyo halali, na hakutakiwa kujibu lolote kwa sababu lilikuwa shtaka la uhujumu uchumi. Akapelekwa mahabusu. Shauri likaahirishwa kwa kuwa upelelezi haujakamilika, likaahirishwa tena, na tena. Bosi wake Dar es Salaam akaajiri fundi mwingine. Mwenye nyumba akatoa vitu vyake nje. Ng'ombe wanne wa familia wakauzwa mnadani kulipa wakili na nauli za kwenda gereza la Isanga kumwona. Na bibi, ambaye maishani mwake hajawahi kushika kifyatulio, akaandikwa maelezo ya onyo kama mtuhumiwa, akayathibitisha kwa kubonyeza dole gumba.

Hayo yote yalizaliwa na vitu viwili vinavyoenea katika ngumi ya mtoto.

Sasa, ndugu msomaji, tuiweke ngano pembeni tuitazame sheria.

Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi, namba 2 ya mwaka 2015. Itazame jina lake, kwani risasi zimetajwa palepale juu. Ndani yake, kumiliki silaha bila leseni ni kosa, na kumiliki risasi bila idhini ni kosa jingine linalosimama kwa miguu yake. Haisaidii kusema huna bunduki. Hali hiyo huzidisha mashaka, maana risasi hufuata bunduki iliyoandikwa kwenye leseni yako. Mwenye leseni ya shotgun akikutwa na risasi za rifle, leseni yake haimkingi kwa hizo. Na asiye na bunduki yoyote, risasi aliyonayo inamfuata nani? Ndiyo maana askari huanza na swali lile. Kila risasi huulizia bunduki yake.

Uzito wa kosa umeongezwa na sheria nyingine, ile ya uhujumu uchumi na makosa ya kupangwa. Makosa ya silaha na risasi yameingizwa katika jedwali lake, kundi moja na ujangili wa meno ya tembo. Ndiyo sababu mshtakiwa haulizwi kama anakiri au anakana siku ya kwanza: mahakama za chini haziwezi kusikiliza shauri la namna hiyo mpaka kipatikane kibali cha Mkurugenzi wa Mashtaka. Na tangu marekebisho ya mwaka 2016, anayetiwa hatiani kwa kosa la uhujumu uchumi anakabiliwa na kifungo kisichopungua miaka 20 na kisichozidi 30. Kijana wa miaka 28 anaweza kuingia akiwa na ndevu za kwanza, akatoka akiitwa babu.

Mtu atauliza, kwa nini ukali wote huu kwa kitu kidogo hivi? Swali ni la haki, na jibu lake si la kuficha. Bunduki ni chuma. Ikipakwa mafuta na kufunikwa, hudumu miaka hamsini, hupita mkono hadi mkono, huvuka mipaka. Lakini bila risasi ni fimbo ghali. Risasi ndiyo chakula chake, na chakula huisha. Anayetaka kuendelea kuua lazima atafute kingine. Serikali yoyote inayotaka kujua bunduki haramu zinaishi wapi hufuata njia ya chakula. Nchi za ukanda huu zilijifunza hayo kwa uchungu, baada ya vita vya Rwanda, Burundi, Kongo na Somalia kumwaga silaha mipakani. Zikatoa Azimio la Nairobi mwaka 2000, kisha Aprili 2004 zikatia saini Itifaki ya Nairobi ya kudhibiti silaha ndogo. Katika itifaki hiyo, risasi si ile nzima peke yake: ganda, fataki, baruti na kichwa vimo katika maana yake, pale ambapo nchi imevitaka viwe na kibali.

Maneno hayo yanatugusa sana sisi wa nyanda za kati kwa sababu ya gobore. Misafara ya karne ya 19 kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilikatiza Ugogo, ikilipa hongo kwa watemi ili ipate maji na njia, na bunduki za kushindilia zilipita katika njia hiyohiyo. Mwaka 1890 mataifa yaliyokutana Brussels yaliwekeana mkataba wa kuzuia bunduki za kisasa na risasi zake zisiuzwe katika sehemu kubwa ya Afrika. Yalitaka kututawala bila kujibiwa. Gobore likabaki, kwa kuwa mhunzi wa kijijini aliweza kulitengeneza na mwenyewe aliweza kulilisha. Hadi leo, kuanzia Kondoa na Chemba, pembeni mwa mapori ya akiba ya Mkungunero na Swagaswaga, hadi Manyoni kwenye mapori ya Kizigo na Muhesi, kuna wazee wanaolihesabu gobore kama sehemu ya vyombo vya nyumba, pamoja na jembe na mundu. Mzee wa namna hiyo humwambii kwamba kichupa cha baruti na kibuyu cha goroli ni mambo ya mahakama. Atakutazama kama aliyeambiwa kwamba mchi wake una kesi. Nami kwa heshima zote namwambia: shikamoo babu, gobore ni silaha, linahitaji leseni kama shotgun ya mjini, na usiku utakapokutwa nalo jirani na pori la akiba, kesi ya silaha itafuatana na ya wanyamapori.

Nimewasikia watu wakijitetea kwa njia nne, na zote nne ni mashimo.

Wa kwanza husema, "Nimerithi." Shamba hurithiwa, ng'ombe hurithiwa, hata deni hurithiwa. Leseni ya silaha hairithiwi. Ni ya mtu mmoja, aliyechunguzwa yeye kuanzia kijijini na kata hadi kamati za ulinzi na usalama, na siku anapokata roho, ruhusa yake hukatika naye. Kuanzia saa ile, bunduki iliyo chini ya kitanda haina mwenyewe, na anayelala juu yake amejitwika mzigo. Anayetaka kuendelea nayo huikabidhi kwanza, kisha huomba leseni kwa jina lake.

Wa pili husema, "Nimeiokota." Watoto wachungaji huokota mengi: maganda kwenye njia za wawindaji, risasi kuukuu zilizofukuliwa na mvua korongoni. Kutia mfukoni ndiko kunakogeuza kuokota kuwa kumiliki. Tena risasi iliyokaa ardhini miaka mingi haitabiriki, na kuigonga kwa jiwe ili kuona itakuwaje kunaweza kumkata mtoto vidole.

Wa tatu husema, "Nimeazimwa na jirani mwenye leseni." Moto huazimwa, chumvi huazimwa. Risasi haiazimwi. Leseni ya jirani ni ya jirani, na kwa wema wake amekutia wewe matatani na kujitia yeye pia, kwa kuwa ataulizwa risasi zake zimekwendaje kwa mtu mwingine.

Wa nne, aliye wa hatari kuliko wote kwa sababu ni mtu mwema, husema, "Ni kumbukumbu tu." Huyu ndiye mjukuu wetu. Huyu ndiye anayetengeneza kining'inio cha ufunguo wa pikipiki kwa ganda la risasi, anayeweka moja kwenye kabati la vyombo, anayeivaa shingoni. Moyo wake hauna ubaya wowote, lakini mashine ya ukaguzi haioni moyo.

Wala si maradhi ya kwetu peke yetu. Mwaka 2024 watalii kadhaa wa Kimarekani walikamatwa katika visiwa vya Turks and Caicos, huko ukanda wa Karibi, baada ya kukutwa na risasi chache kwenye mabegi yao. Baadhi yao walisema ni masalio ya safari za kuwinda yaliyosahaulika kwenye mikunjo ya begi. Kwao Marekani risasi hizo zilikuwa halali. Visiwani humo adhabu ya chini kabisa iliyoandikwa ilikuwa miaka 12 jela. Mwishowe walipewa vifungo vya nje au faini, lakini kabla ya hapo baadhi yao walizuiwa huko kwa wiki kadhaa, watoto wao wakiwangoja nyumbani. Mwindaji wa Manyoni na mwindaji wa Oklahoma wanakutana katika kosa moja: kila mmoja alipakia begi bila kulikung'uta.

Basi tufanyeje?

Mwenye leseni halali aziweke risasi zake mahali pamoja palipofungwa, ajue idadi yake kwa kichwa na kwa daftari. Jambo hili, ndugu wazee, msilionee haya: mwambie mtu mmoja wa nyumbani unayemwamini zilipo na ni ngapi. Yule mzee wa Bahi alikuwa mwangalifu maisha yake yote. Alizihesabu mbele ya mkewe, lakini hakumwonyesha alikoziweka. Siri aliyoitunza kwa usalama wa watoto ndiyo iliyowaangukia wajukuu.

Msiba ukitokea katika nyumba yenye silaha, msikabidhi bunduki mkaishia hapo. Pekueni makoti, mikoba, masanduku, matundu ya ukuta wa tembe, chini ya vilindo. Na kitu kikionekana baada ya hati kuandikwa, msione aibu ya kuonekana mlisema uongo. Rudini kwa ofisa yuleyule mseme, "Tumepata nyingine." Bibi na mjukuu wake wangetamka maneno hayo mawili, ngano yangu isingefika stesheni.

Ukikuta risasi mahali, usiibebe kuipeleka kituoni, maana ukikaguliwa njiani utakuwa na maelezo marefu. Iache ilipo, mwite mtendaji au polisi kata, au piga namba ya dharura 112, waje waichukue wao. Ukitaka kusafiri, geuza kila mfuko wa nguo na begi uliloazima, ulilorithi au ulilonunua mtumbani.

Na kwa wale ambao tayari wana kitu ndani, mlango upo. Umoja wa Afrika umeutenga mwezi Septemba wa kila mwaka kuwa mwezi wa kusalimisha silaha haramu kwa hiari, na hapa kwetu serikali imekuwa ikitangaza vipindi vya msamaha ambavyo mtu hupeleka silaha au risasi kituo cha polisi au ofisi ya serikali ya mtaa bila kushtakiwa kwa kuwa nayo. Sikiliza tangazo, uulize masharti yake kwa mtendaji wako, ufuate. Msamaha una tarehe ya kuanza na ya kwisha, na anayegonga mlango baada ya tarehe hukuta umefungwa.

Narudi kwenye ngano kwa mara ya mwisho. Septemba iliyofuata, mtendaji wa kijiji kile alitoa tangazo la msamaha baada ya ibada. Kwa miaka mingine tangazo la aina ile lilipita kama upepo wa kiangazi. Safari hii watu waligeuza vichwa kumtazama bibi, aliyekuwa amekaa benchi la mbele, na nafasi ya mjukuu wake ikiwa wazi kando yake. Hakusema kitu, na hapakuwa na haja ya kusema.

Jioni, kabla jua halijazama nyuma ya mibuyu, mzee mmoja alifika mbele ya ofisi ya kijiji mikono mitupu. "Mbukwenyi," alisalimu, akangoja aitikiwe. Kisha akamwambia mtendaji, "Njoo na polisi nyumbani kwangu. Kuna gobore la baba yangu juu ya dari. Na kibuyu cha goroli. Na baruti. Njooni mvihesabu vyote."